Chumba cha Mtoto na Rangi ya Kale

Watu wakijua ya kuwa mtoto yu njiani, jambo la kwanza wanalolitazama ni nyumba. Ufa uliovumiliwa miaka kumi hauvumiliki tena. Mlango uliokuwa ukilia kwa bawaba zake hutiwa mafuta. Buibui wa darini hufukuzwa. Kwetu pwani chokaa hukorogwa, na kuta hung'aa kama za siku ya arusi. Katika kazi hizi hakuna neno la kulaumu. Mzazi asiyeweza bado kumbeba mtoto wake humbebea matofali na brashi, na hiyo ndiyo namna yake ya kumkaribisha.

Mwaka uliopita mwalimu mmoja kijana alitujia kwa shauri. Alikuwa amepewa nyumba ya zamani ya kituo, yenye vyumba viwili vya kulala na baraza mbele, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita. Milango ya chumba kimoja, madirisha yake na mbao zilizopigiliwa chini ya kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya mafuta mara nyingi tangu zamani, tabaka juu ya tabaka, na sasa rangi ilikuwa ikibanduka kama magamba ya samaki. "Baba," alisema, "nataka kuikwangua yote kwa msasa mpaka mti uonekane, kisha nipake upya, mtoto akija akute chumba kizuri. Mama yake atanisaidia, maana fundi ni ghali." Twalikuwa karibu kumsifu kwa bidii yake. Ndipo tulipokumbuka habari tuliyoisoma, tukamwomba angoje siku tatu. Habari hiyo twataka kuieleza hapa, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu, waalimu kwa makasisi, wanakaa katika nyumba za namna ile ile, na si ajabu wakaulizwa swali lile lile.

Kwanza tuyatazame maneno. *Risasi* ni neno lililotoka kwa Waarabu, likakaa katika Kiswahili tangu kale, na maana yake ya asili ni ile madini laini na nzito, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi hufanyizia chubwi za mishipi yao. Lakini kwa kuwa ndiyo iliyotiwa katika bunduki, watu wa siku hizi wakisikia *risasi* hufikiri kitu kiuacho kwa kishindo na kwa mara moja. Risasi tutakayoitaja haina kishindo. Na *msasa*, ambao kijana yule alitaka kuutumia, kwa asili ni mti ambao majani yake hukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Maseremala wa zamani walilainishia mbao kwa majani hayo, hata karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina. Jani la msasa na karatasi ya msasa hufanya kazi moja, yaani hugeuza kitu kigumu kuwa vumbi. Wasomaji walishike neno hilo la vumbi, kwa maana ndilo kiini cha habari yote.

Rangi ya mafuta ya siku za kale, hasa ile nyeupe, ilifanyizwa kwa risasi. Jinsi ya kuipata ilijulikana kwa Wayunani na Warumi. Vitruvius, mjenzi wa Roma aliyeishi katika karne ya mwisho kabla ya Kristo, aeleza ya kwamba watu wa Rhodes walitia siki katika mitungi, wakaweka vipande vya risasi juu ya vijiti ndani yake, wakafunika. Walipofunua waliikuta risasi imegeuka kuwa unga mweupe. Baadaye Waholanzi walizidisha ufundi: vyungu vyenye siki na risasi vilizikwa katika samadi, au katika magamba ya miti yaliyokwisha kutumika kwa kulainisha ngozi, wakavifungia chumbani muda wa miezi mitatu hivi. Joto la samadi, mvuke wa siki na hewa ya uozo vilikula ile madini polepole, na unga ule ulipokwanguliwa na kusagwa pamoja na mafuta ya kitani ukawa rangi isiyo na mfano. Ilifunika vizuri, ilishika mti, ilistahimili mvua na jua. Kwa miaka mingi mpaka rangi wa Ulaya hakuhesabu nyingine kuwa rangi ya kweli.

Wala haikuwa siri ya kwamba ni sumu. Nicander, Myunani aliyeandika juu ya sumu katika karne ya pili kabla ya Kristo, aliitia risasi nyeupe katika hesabu yake; na Vitruvius mwenyewe aliwaonya watu wasinywe maji yaliyopita katika mabomba ya risasi, akitoa sababu ya kwamba risasi nyeupe hutoka katika risasi, nayo yasemwa kuwa yadhuru mwili. Tumeshangaa kidogo kuona mtu akiijua sumu kwa jina lake miaka elfu mbili iliyopita, na vitukuu vya vitukuu vyake wakaipaka juu ya kitanda cha mtoto.

Lakini elimu yenyewe ilienda upande mmoja tu. Waliotazamwa ni wafanya kazi. Mwaka 1839 tabibu wa Paris, Tanquerel des Planches, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya risasi, amekusanya habari za wagonjwa zaidi ya 1,200, nao ni wapaka rangi na watu wa viwandani: tumbo la kusokota, choo kufunga, mikono kulegea, kifafa. Mwaka 1860 Mfaransa mwingine, Constantin Paul, alionyesha ya kwamba wanawake wafanyao kazi ya risasi, na hata wake za wanaume waifanyao, mimba zao zaharibika mara nyingi mno. Charles Dickens, aliyepita katika vichochoro vya mashariki ya London mwaka 1868, aliandika habari za wanawake maskini wa viwanda vya risasi nyeupe, waliojua ya kwamba kazi ile inawaua, wakaenda kwa sababu njaa inaua upesi zaidi. Serikali ya Uingereza iliwakataza wanawake kazi zile za hatari kuu mwaka 1898. Hivyo hata mwisho wa karne ile ilijulikana wazi ya kuwa risasi ni adui wa mama na wa mimba. Ilidhaniwa tu ya kwamba adui huyo anakaa kiwandani. Hakuna aliyefikiri ya kuwa akitoka kiwandani ndani ya kopo la rangi, naye atakuja kukaa nyumbani.

Waliomkuta nyumbani ni matabibu wawili wa Brisbane, mji mkuu wa Queensland katika Australia. Habari zao twataka kuzisimulia kwa urefu kidogo.

Wa kwanza ni Alfred Jefferis Turner. Alizaliwa mwaka 1861 katika mji wa Canton, China, baba yake akiwa misionari huko. Akasomea utabibu Uingereza, na mwaka 1889 akaja kuwa tabibu wa hospitali ya watoto ya Brisbane. Alikuwa tena mtu wa kukusanya nondo, akawapa majina nondo wengi wa Australia waliokuwa hawajaandikwa. Twalitaja hilo kwa kuwa halikosi maana: mtu aliyezoea kutazama alama ndogo juu ya bawa la mdudu hapitiwi na alama ndogo juu ya mtoto. Aliwaona watoto wanaolia kwa maumivu ya tumbo, miguu yao imelegea hata vidole vyaburura chini, wengine wamepigwa na degedege. Matabibu wengine waliita hivi na hivi, maana degedege ina majina mengi. Turner aliona ni dalili za wapaka rangi wa Tanquerel, ila wagonjwa hawa walikuwa na umri wa miaka mitatu, minne, mitano.

Wa pili ni John Lockhart Gibson, tabibu wa macho. Kwake waliletwa watoto wenye makengeza ya ghafula na wenye kupofuka, na alipotazama ndani ya jicho aliona mshipa wa kuonea umevimba. Wote wawili walitoa habari hizi mwaka 1892, na wenzao wa miji ya kusini walizipokea kwa mashaka. Walisema kwao ugonjwa huo hauonekani. Basi swali likawa moja: risasi hii yatoka wapi? Wakashuku maji, kwa maana nyumba nyingi za Queensland zilikinga mvua ya paa katika matangi. Wakashuku na mambo mengine ya nyumbani. Jambo lililowasumbua ni hili, ya kwamba mtoto hospitalini alipona, akirudishwa kwao aliugua tena. Nyumba yenyewe ilikuwa ndiyo mgonjwa.

Sasa msomaji aifikiri nyumba ya Queensland. Ni ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo, ina baraza pana pande zake, na kando ya baraza pana kitalu cha mbao cha kuwazuia watoto wasianguke. Yote imepakwa rangi nyeupe ya risasi. Jua la kule ni kali kama la kwetu. Mafuta ya rangi hukauka na kufa, na unga hubaki juu kama poda. Mtoto hushinda barazani kwa sababu ndani kuna joto. Hushika kitalu, huegemea, huchungulia njiani, na mikono yake ina jasho au asali ya mkate. Kisha hunyonya kidole au hutafuna kucha. Mwaka 1904 Gibson alichapisha maneno yake, na katika anwani yenyewe ya makala alitaja vitalu vilivyopakwa rangi na kuta za vyumba zilizopakwa rangi kuwa ndiyo asili ya sumu ya watoto wa Queensland. Alionyesha ya kwamba mkono mbichi ukipitishwa juu ya kitalu huchukua risasi ya kutosha kudhuru. Hakukuwa na haja ya mtoto kula rangi kama mtu alavyo chakula. Kugusa kulitosha, pamoja na tabia ya kila mtoto aliyezaliwa na mwanamke.

Twaona fahari ya kazi hii ni kwamba walikataa kumlaumu mama. Kumlaumu kulikuwa rahisi: mbona hamwangalii mtoto wake, mbona anamwacha kula uchafu? Hata baadaye sana, katika Marekani, wenye viwanda vya risasi walipenda kusema hivyo, ya kwamba kosa ni la wazazi wajinga wa mitaa ya maskini. Gibson aliuelekeza mkono wake kwenye ukuta.

Ilipita miaka kumi na minane kabla ya sheria. Mwaka 1922 Queensland ilikataza rangi yenye risasi nyingi katika sehemu za nje za nyumba na shule ambazo mikono ya watoto hufika. Kwa wengi ilikuwa imechelewa. Watoto 401 waliopatikana na sumu hiyo katika Brisbane kati ya miaka ya 1915 na 1935 walitafutwa tena na tabibu aitwaye Henderson, aliyechapisha habari zao mwaka 1954. Aliwapata 352. Katika hao 165 walikuwa wamekwisha kufa, wakiwa bado vijana au watu wazima wa makamo, na zaidi ya nusu ya vifo vilitokana na maradhi ya figo na ya mishipa ya damu. Kitalu cha baraza kilikuwa kimekwisha kung'olewa au kupakwa upya, na kazi yake ilikuwa ikiendelea ndani ya miili ya watu wenye watoto wao wenyewe.

Ulimwengu mwingine tutaupitia upesi. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 1909 ya kuiondoa risasi nyeupe katika kazi za rangi za majengo. Mwaka 1921 wajumbe wa mataifa mengi waliokutana Geneva katika mkutano wa mambo ya kazi waliandika mapatano ya kuikataza katika kupaka ndani ya nyumba. Walakini mapatano yale yalimtazama mpaka rangi, si mtoto, na Uingereza na Marekani hazikuyatia sahihi. Katika Marekani, mwaka 1914, matabibu Thomas na Blackfan wa Baltimore walieleza habari za mvulana wa miaka mitano aliyekufa baada ya kutafuna rangi nyeupe ya kitanda chake. Kitanda hicho alipewa na watu waliompenda. Hata hivyo kampuni kubwa ya risasi ya huko, ambayo alama yake ilikuwa mtoto wa Kiholanzi ashikaye brashi, iliendelea kuwachapishia watoto vitabu vidogo vya picha vya kuisifu risasi. Baltimore ilikataza rangi hiyo ndani ya nyumba za kupanga mwaka 1951, na nchi nzima ikafuata mwaka 1978. Tangu Gibson hata sheria hiyo ni miaka sabini na minne.

Waalimu watauliza, Mtoto akipona, basi? Hapa pana jambo linalowahusu wao kuliko watu wote. Zamani matabibu waliamini ya kwamba aliyenusurika amenusurika kabisa. Mwaka 1943 Randolph Byers na Elizabeth Lord wa Boston waliwafuata shuleni watoto ishirini walioruhusiwa kutoka hospitalini kuwa wamepona sumu ya risasi. Kumi na tisa walikuwa wameshindwa na masomo au na mwenendo. Mmoja tu aliendelea vizuri. Mwaka 1979 Herbert Needleman na wenzake walifanya jambo ambalo twaliona ni la akili sana: waliomba watoto wa shule wa miji miwili karibu na Boston wawape meno yao ya utotoni yaliyong'oka, wakapima risasi iliyomo. Kisha wakawauliza waalimu, ambao hawakujua kipimo cha mtoto yeyote, Huyu asikia maagizo? Amaliza kazi aliyoianza? Akili yake yatangatanga? Waalimu walijibu juu ya watoto zaidi ya 2,000. Kadiri risasi ilivyozidi katika jino, ndivyo mwalimu alivyozidi kumlalamikia mwenye jino. Na watoto hao hawakuwa wamelala hospitalini siku hata moja. Kila mmoja wetu aliyewahi kushika chaki ana mtoto anayemkumbuka, aliyeitwa mvivu, akasimamishwa pembeni. Hatusemi ya kwamba kila mvivu amekula risasi. Twasema tu ya kwamba waalimu wale walikuwa wakiandika habari za ugonjwa bila kujua.

Kwa sababu ya elimu hii kipimo cha hatari kimeshuka daima. Katika miaka ya 1960 matabibu wa Marekani waliona mtoto hana neno mpaka apate mikrogramu 60 za risasi katika desilita moja ya damu. Mwaka 1991 wakasema 10. Mwaka 2012 wakasema 5. Mwaka 2021 wakasema 3.5. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema hakuna kiasi kijulikanacho kuwa salama. Na mtoto mdogo, kwa kila kiasi anachokimeza, mwili wake hupokea mara nne au tano kuliko wa mtu mzima.

Sasa twarudi kwenye msasa. Rangi ya risasi iliyoshika vizuri, isiyopasuka, iliyofunikwa na rangi nyingine, hukaa ukutani bila kumdhuru mtu. Madhara huanza inapovunjika: dirisha linalosugua fremu yake kila likifunguliwa, ukuta unaovuja, mlango unaogonga mwimo. Na hakuna kivunjacho rangi kama fundi mwenye bidii. Msasa mkavu huifanya vumbi jembamba lisiloonekana, ambalo hukaa sakafuni, katika godoro, katika chandarua. Moto wa kuichomea huitoa kama moshi. Mwaka 1990 matabibu wa Marekani walichapisha habari za watu walionunua nyumba ya shamba ya karne ya kumi na tisa katika jimbo la New York, wenye elimu na mapenzi ya vitu vya kale, wakaanza kuitengeneza. Walikwangua, walisugua, walichoma. Aliyeugua kwanza mbele ya macho yao ni mbwa, aliyeanza kutetemeka na kuanguka kifafa. Tabibu wa wanyama ndiye aliyeitambua risasi, ndipo damu ya watu ilipopimwa ikaonekana nao wote wamo, wazazi na watoto. Hawakuwa maskini wa mtaani wala wazazi wajinga. Tangu mwaka 2010 sheria ya nchi ile yataka fundi anayelipwa kutengeneza nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 awe amefundishwa namna ya kulizuia vumbi.

Kwa mama mwenye mimba jambo ni zito zaidi. Risasi huingia katika mifupa na kukaa humo miaka mingi, kwa kuwa mwili huidhania kuwa chokaa ya mifupa. Wakati wa mimba, mtoto anapodai chokaa kwa ajili ya mifupa yake, mwili wa mama hufungua ghala yake, na risasi ya zamani hutoka pamoja nayo. Kondo la nyuma haliizuii. Hivyo mama aliyevuta vumbi lile mwezi wa saba humpa mtoto wake kabla hajamwona.

Siku ya tatu kijana alirudi, naye alikuwa amekwisha kununua msasa. Tukamwambia yote haya kwa ufupi. Alinyamaza, kisha akauliza swali la haki: rangi ya nyumba yake ina risasi? Tukamjibu ya kwamba hatujui, na kwa macho haijulikani. Rangi ya zamani iliyoletwa kwa merikebu yaweza kuwa nayo, yaweza kuwa haina, na hata leo zipo rangi mpya zinazouzwa zikiwa nayo, ingawa Umoja wa Mataifa unashauri kikomo cha sehemu 90 katika milioni. Mpaka ipimwe, lililo salama ni kuihesabu kuwa inayo.

Shauri letu lilikuwa hivi. Mama asikae katika chumba kile wakati wa kazi, wala asifue nguo za kazi. Vitu vyote vitolewe nje na mlango ufungwe kwa nguo mbichi. Rangi iliyo nzima iachwe, ifunikwe kwa rangi mpya. Ile iliyokwisha kubanduka ilowanishwe kwanza, iondolewe kwa kisu mbichi ikiwa mbichi, kamwe isisuguliwe kavu wala kuchomwa. Sakafu isifagiliwe, maana ufagio hulirusha vumbi; ipigwe deki mara kadhaa kwa maji na sabuni. Na magamba yasimwagwe nyuma ya nyumba penye kuku na watoto. Hapo kijana, ambaye ni msomaji mzuri wa Biblia, alicheka akasema ameisikia sheria hii mahali, ya nyumba inayotolewa vyombo, ikakwanguliwa ndani pande zote, na vumbi lake likatupwa nje ya mji mahali palipo najisi. Ni kweli, makasisi wataikuta katika sura ya 14 ya Mambo ya Walawi. Sisi hatukuwa tumeiwaza.

Aliuliza tena kama chokaa isingetosha kupakwa juu ya yote. Kwa kuta za udongo au za mawe yatosha, nayo haina risasi. Lakini juu ya rangi ya mafuta chokaa haishiki, itabanduka kabla ya mtoto kutambaa, na kuibandua rangi pamoja nayo.

Baada ya majuma mawili tulipita kwake. Chumba cha mashariki, chenye milango na madirisha ya rangi, alikuwa amekifunga kwa kufuli, na kipande cha rangi kimepelekwa mjini kupimwa. Cha pili kilikuwa na kuta za chokaa tupu, na mlango wake ni wa mbao mpya ambao haukupakwa kitu ila mafuta. Hicho alikipaka chokaa upya mara mbili, akatengeneza dari, akatundika susu kwenye boriti. Mtoto alizaliwa mwezi wa pili baadaye, wa kike. Jibu la mjini halijarudi hata leo, na kufuli bado lipo mlangoni.